Birika la Alfajiri

"Mwalimu, wewe thawabu zako unaziuza kwa mtungi wa gesi."

Aliyeniambia hivyo ni kijana mmoja fundi wa pikipiki ambaye tunasali naye safu moja. Ilikuwa mwezi wa saba, saa kumi na moja alfajiri na ushei, Njombe mjini, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka taa ya msikiti inaonekana kama kiini cha yai ndani ya maziwa. Yeye alikuwa ameinama kwenye bomba la nje, mikono ya shati ameikunja juu ya viwiko, anatawadha kwa maji yaliyolala bombani usiku kucha. Mimi nilikuwa nimesimama kando, kanzu juu ya sweta mbili, nimeshika birika langu linalofuka mvuke. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akapangusa uso, akanikumbusha hadithi ambayo kila aliyekaa chuoni anaijua: kwamba katika mambo yanayofuta makosa na kumpandisha mja daraja ni kuukamilisha udhu wakati nafsi inauchukia.

"Sasa ile karaha ukishaipasha moto," akaniuliza, "kinabaki nini cha kulipwa?"

Nikakosa jibu. Nikatawadha kwa birika langu huku naona haya, na siku hiyo imamu alisoma sura ndefu lakini mimi nilibaki palepale bombani.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilipangiwa kufundisha hisabati huku mwaka 1998, enzi hizo Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa (mkoa wake wenyewe ulikuja 2012), nikapanda basi na begi moja, fulana sita na imani kwamba baridi naijua. Kwani kwetu hakuna kipupwe? Kipupwe cha Pangani ni pale bibi anapotafuta kanga ya pili ya kujitupia mabegani jioni, basi. Huku mji umekaa karibu mita 2,000 juu ya bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti zipo asubuhi ambazo nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, ukizikanyaga zinalia chini ya kiatu kama mtu anayetafuna kashata. Wenyeji wanakuambia hii afadhali, nenda Makete uone. Sijaenda Makete mwezi wa saba na sina mpango.

Swali la fundi nililibeba siku kadhaa, na kwa kuwa mkate wangu ni hesabu, nililishughulikia kihesabu. Tuchukulie thawabu inakwenda sawia na karaha: karaha ikiongezeka maradufu, thawabu nayo maradufu. Haya, nyumbani kwangu yuko mama mkwe. Ni Mbena, Mlutheri wa tangu kuzaliwa, umri umepita sabini, alihamia kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Anaamka kabla yangu, ananawa uso na miguu kwa maji ya ndoo iliyolala nje, huku anaimba. Nikimwuliza kama maji ni baridi ananitazama kana kwamba nimemwuliza kama chumvi ina chumvi. Sasa weka kando kwamba yeye si wa dini yangu. Chukua mzee wa Kiislamu wa hapahapa mwenye ngozi kama yake. Akitawadha kwa ndoo ile haoni taabu yoyote. Mimi mtu wa pwani nikitia kidole tu, meno yanagongana. Kwa kanuni ya fundi, tendo ni lilelile, maji ni yaleyale, ila mimi nalipwa mlima na yule mzee anapata kokoto. Na zaidi ya hapo: mimi mwenyewe baridi ya mwaka 1998 ilikuwa inanitoa machozi, siku hizi inanikera tu. Kwa hiyo ujira wangu unashuka kila mwaka kadiri ninavyozoea. Mja anayedumu katika ibada anakuwa kama mtumishi ambaye kila akikomaa kazini anakatwa mshahara.

Wagiriki wa kale walilicheka jambo hili kabla yetu. Plutarko ameandika kisa cha Diogene, yule mwanafalsafa aliyejinyima kila kitu, ambaye siku moja ya baridi kali alikuwa amelikumbatia sanamu la shaba ili kujizoesha taabu. Mtu wa Sparta akapita, akamwuliza kama anasikia baridi. Akajibu hasikii. Msparta akamwambia: basi ni jambo gani kubwa unalofanya? Nakipenda kisa hicho kwa sababu kinamfunga mtu pande zote mbili. Ukisikia baridi, bado hujafuzu. Usiposikia, hakuna cha kusifiwa.

Lakini sikutaka kumshinda fundi kwa hesabu tu. Nafundisha vijana, najua unaweza kushinda hoja na bado ukawa umekosea swali. Na ukweli ni kwamba kwa upande mwingine nilikuwa namwunga mkono bila kujijua, nikiwa na sindano mkononi.

Hapo lazima nieleze habari ya kofia.

Nashona kofia. Babu yangu alishona, akanifundisha nikiwa na miaka tisa, barazani, kwa kunipiga kikofi cha mgongo kila nilipokaza uzi kupita kiasi. Huku juu ndiyo starehe yangu; wenzangu wa ofisi ya walimu wana bao na simu, mimi nina bafta. Kofia ya mkono ni tabaka mbili za kitambaa cheupe. Unachora ua kwa penseli, unatoboa kitobo kwa sindano nene, kisha unakizungushia uzi, pindo baada ya pindo, ukibana kwa kipimo kilekile, mpaka kinabaki wazi na ukingo wake umesimama kama mdomo wa mtungi wa kuchezea watoto. Mkono ukiwa mwepesi, kitobo kimoja ni dakika nne. Kofia niliyokuwa nashona mwaka ule ilikuwa na vitobo zaidi ya mia nane, ukijumlisha ukanda wa pembeni na duara la juu. Vyote hivyo viko pale ili kichwa kipumue joto. Yaani nilikuwa nakaa Njombe, blanketi magotini, natengeneza mamia ya matundu ya kupitishia upepo. Mke wangu amelisema hili mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Ilikuwa ya mjomba wangu, aivae kwenye nikahi ya mwanawe mwisho wa Septemba. Ukanda wa pembeni niliushona Aprili na Mei, jioni za kawaida, ukatoka mzuri hata mimi nilijionea ajabu. Duara la juu nikaliingia Juni, na Juni ikaja na baridi yake. Mchana nafundisha, nikirudi nasahihisha madaftari, kwa hiyo kofia ilibaki ya saa nne usiku. Vidole vilikuwa havikunjiki. Subana ya chuma ilikuwa baridi kuliko kidole chenyewe. Nilijichoma mpaka nikaacha kuhesabu, na mara mbili tone la damu liliingia kwenye bafta nikalifuta kwa mate, kama babu alivyonifundisha, kwa kuwa mate ya mtu hutoa damu yake mwenyewe.

Na katika usiku ule, nakiri, nilikuwa natunga sentensi. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia mjomba: kofia hii nimeishona kwenye baridi ambayo nyinyi huko hamwijui. Sentensi ilikuwa tayari mwezi mzima kabla ya kofia.

Jumamosi ya pili ya Julai niliunganisha ukanda na duara, nikaifua, nikaitia wanga. Kofia yenye wanga inataka jua. Jua tulikuwa hatujaliona tangu Jumanne. Ukungu na manyunyu, manyunyu na ukungu. Jikoni mama mkwe alikuwa amewasha mkaa wa miwati, ule unaokaa na moto hadi jioni, na dirisha ameliacha wazi kama kawaida yake, maana yeye hakubali hata siku moja mkaa uwake ndani ya chumba kilichofungwa. (Ana haki. Kila msimu wa baridi husikika habari za watu waliolala na jiko ili wapate joto, wasiamke.) Nikaivika kofia sufuria ndogo niliyoigeuza, ikae na umbo la kichwa, nikaiweka shibiri mbili kutoka kwenye jiko. Nikamwambia Zuhura, binti yangu wa kidato cha pili, aigeuze kila baada ya dakika kumi. Akaitikia bila kuinua uso kwenye simu. Hapo ningepaswa kujua.

Mimi nilitoka kwenda kubadilisha mtungi wa gesi. Uliisha asubuhi ile ile, birika likiwa halijachemka, nikatawadha kwa maji ya uvuguvugu na neno la fundi likanicheka masikioni. Dukani nikaambiwa mtandao wa kulipia uko chini, nisubiri au nilete taslimu. Nikaenda mashine ya benki, foleni. Nikarudi, muuzaji kaenda kunywa chai. Nilipopata mtungi nikapanda bodaboda, mtungi umefungwa nyuma kwa mpira wa tairi, na tulipoanza kuteremka mteremko wenye utelezi mpira ukaachia. Nilisikia tu "ngaa!" nyuma yangu. Mtungi ukashuka barabarani peke yake, kwa heshima kabisa, ukishika upande wake wa kushoto kama gari, dereva anaufukuza kwa miguu huku anaita watu wakae kando, nami namfukuza dereva. Ukaja kusimama kwenye tenga la parachichi la mama mmoja. Kumi na moja zilipondeka. Tulizihesabu pamoja, yeye na mimi, tukiwa tumechuchumaa kwenye matope, nikazilipa zote. Kisha akaniongezea moja nzima kwa huruma.

Nilipofika nyumbani harufu ilinipokea mlangoni. Nguo ikiungua ina harufu ya peke yake, kama nywele na mkate kwa pamoja.

"Baba, niliigeuza," Zuhura akasema. Kimya. "Mara moja."

Ukanda wa pembeni, upande uliotazama jiko, ulikuwa kahawia iliyokoza, na katikati ya ile kahawia pana kama sarafu palikuwa peusi. Nilipopagusa paliniachia unga kidoleni. Duara la juu halikuguswa. Maana yake kilichoungua ni kile kizuri cha Aprili na Mei. Kazi ya usiku wa Juni ilibaki nzima.

Nilikaa kwenye kigoda. Nikasema linalosemwa: "Mungu amependa."

Mama mkwe alikuwa anafumua sweta kuukuu ili afume jipya, nyuzi zimejaa mapajani. Hakuinua macho. "Baba Zuhura," akasema, "Mungu ndiye aliyeiweka karibu na jiko?"

Hilo nalo sikulijibu. Ningeweza. Ningeweza kumwelezea kadari kwa namna nilivyoisoma, kwamba hakuna jani linaloanguka nje ya elimu Yake, na kwamba elimu Yake hainiondolei mimi uzembe wangu. Ni jibu sahihi. Lakini nililitumia lile neno vibaya, na yeye alilinusa. Nimegundua watu wa dini zote mbili tunalipeleka juu haraka jambo ambalo lingeishia shibiri mbili kutoka kwenye jiko. Mtungi ukiteleza ni shetani, ukisimama bila kumwua mtu ni Mola, na mpira uliochakaa hautajwi.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja usiku, nikiwa kitandani. Nilipoipekua huzuni yangu vizuri niligundua siikumbuki kofia. Naikumbuka ile sentensi. Nilikuwa naumia kwamba sasa sina pa kuisemea baridi yangu. Nilikuwa nimeweka akiba ya taabu, mwezi na zaidi, kidole kwa kidole, nikitarajia kuitoa Pangani mbele ya watu. Fundi wa pikipiki alitaka malipo ya karaha yake akhera. Mimi nilitaka yangu Septemba, ukumbini, pilau ikiwa bado ya moto. Nani kati yetu alikuwa na haki ya kumcheka mwenzake?

Nikarudi kwenye vitabu, na kwa mwalimu wa hesabu mwenye vitabu vichache vya dini, kurudi vitabuni ni kazi ya usiku mmoja. Nilianza na sahaba Amr bin al-Aas. Mwaka wa nane wa Hijra aliongoza msafara wa Dhatu Salasil, na usiku mmoja wa baridi kali akaamkia janaba. Aliogopa kwamba akioga atakufa. Akatayamamu, yaani akajitwaharisha kwa udongo badala ya maji, akawasalisha wenzake asubuhi. Waliporudi Madina wakamshtaki. Mtume alipomwuliza, akajieleza kwa aya inayokataza watu kujiua. Mtume akacheka, asiseme neno. Kicheko kile nimekifikiria sana. Zipo hukumu nyingi zilizotolewa kwa maneno, hii ilitolewa kwa meno.

Kipo na kisa kichungu zaidi, cha mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, akaota usiku akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia maji yapo, huna ruhusa. Akaoga akafa. Mtume alipopata habari hakucheka. Alisema wao ndio waliomwua, na kwa nini hawakuuliza kama hawajui.

Wala mimi sina haki ya kutayamamu, nisije nikaeleweka vibaya. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunabanwa hapo: mwenye uwezo wa kupasha maji hana udhuru wa baridi. Lakini katika kutafuta hilo nikakuta jambo nililolisoma utotoni nikalisahau, kwamba wanavyuoni wetu wanachukia udhu wa maji yaliyozidi ubaridi sawa na yaliyozidi moto, kwa kuwa yote mawili yanakuzuia kuukamilisha. Nikajikumbuka kwenye lile bomba miaka ya kwanza. Nilikuwa natawadha kwa kurukaruka. Maji yanagusa kiganja, yanadokoa kiwiko, na kisigino, ambacho Mtume amekionya kwa jina, nakirushia matone mawili nakimbilia ndani. Karaha ilikuwepo kamili. Udhu ndio haukukamilika.

Halafu yuko mwanachuoni Shatibi, aliyefariki 1388 Granada, mji unaotazamana na milima yenye theluji, kwa hiyo baridi hakuisikia kwa jirani. Katika kitabu chake Muwafaqat anasema, kwa maneno yangu, kwamba mja hapaswi kuikusudia taabu yenyewe. Anakusudia tendo, taabu ikimkuta njiani akaivumilia, hiyo ina malipo yake. Ushahidi mmoja wa msimamo huo ni kisa cha Abu Israili, aliyeweka nadhiri asimame juani, asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaagiza akae, aingie kivulini, aseme, na saumu yake aimalize. Katika mambo yote yale lililobaki ni saumu tu.

Nilidhani nimeshampata fundi. Nikaanza kupanga nitakavyomweleza. Lakini nikakumbuka ukoo wa Banu Salima, na mpango ukayumba. Hawa walikaa mbali na msikiti wa Madina, wakataka kuhamia karibu. Mtume akawaambia wabaki kwenye makazi yao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Hapo umbali unahesabiwa waziwazi. Fundi angeniletea hii, na angekuwa na haki. Nikakaa nayo hadi chai ikapoa, ndipo nikaona kitu: Banu Salima hawakujenga mbali ili watembee. Walikuwa huko tayari. Nyumba zao zilikuwa huko, na visima, na mitende. Njia ilikuwa yao kabla haijawa thawabu.

Jioni iliyofuata nilipita gereji anakofanya kazi, kwa kisingizio cha kununua mpira wa kufungia mtungi. Fundi alinikaribisha ndani. Chumba anacholala kiko nyuma ya gereji: kitanda, ndoo, rafu ya vipuri, kanzu iliyotundikwa kwenye usukani wa pikipiki isiyo na tairi. Jiko halimo. Chakula anakula kwa mama ntilie. Birika langu nilikuwa nimelibeba mbele yake wiki tatu mfululizo nikidhani tunabishana juu ya jambo moja. Yeye maji ya baridi ndiyo maji. Hadithi ile ni ya kwake, imemkuta bombani na mikono imekunjwa. Mimi mwenye gesi, nikimwaga ya moto ili nikatawadhe ya baridi, nitakuwa Abu Israili nimesimama juani.

Sikumwambia. Unamwambiaje mtu kwamba umeona hana jiko?

Siku kama nne baadaye bomba la msikiti halikutoa tone. Alilifungua, likakohoa, likanyamaza. Alisimama akiangalia lile bomba kwa muda, halafu akageuka, hakusema kitu, akakinga viganja. Nikammiminia. Nilimmiminia taratibu, mpaka visigino, na mvuke ukapanda kati yetu hata uso wake sikuuona vizuri. Nami, kwa kuwa ulimi wa mwalimu hauna adabu, nikauliza: "Na leo je, thawabu?"

"Leo zimezidi, mwalimu," akasema. "Kuomba maji kwako ni kugumu kuliko yale ya bomba."

Tukacheka wote wawili mpaka muadhini akachungulia.

Kofia sikuitupa. Niliufumua ukanda ulioungua, duara nikaliacha, nikakata bafta mpya. Safari hii nilimsikiliza mama mkwe, ambaye alikuwa ameniuliza swali moja tu: "Kwa nini unashona usiku?" Kwa sababu mchana sina nafasi. "Jumapili?" Jumapili napumzika. "Kwani kofia si ndiyo kupumzika kwako?" Basi nikashona Jumamosi na Jumapili, saa saba hadi saa kumi, kwenye dirisha la magharibi ambako jua likitoka linaingia hadi kwenye zulia, kikombe cha maji ya moto mkononi kabla ya kila ua ili vidole vifunguke. Yeye alikaa upande wa pili na sweta lake. Hatukuzungumza sana. Mara moja alishika ukanda, akaupitisha vidoleni kama anayepima ubora wa unga, akasema, "Kamwene," salamu ya kwao, akiisalimia kofia au mimi, sijui.

Wiki saba. Siku nilipoushonea ukanda mpya kwenye duara la zamani niliviweka vyote viwili kwenye mwanga, na hapo mambo yakajionyesha yenyewe. Vitobo vya ukanda vilikuwa vimekaa safu kama watoto wa gwaride. Vya duara vilikuwa vingine vikubwa, vingine vimebanwa kama jicho la mtu anayesinzia, na ua moja limepogoka kuelekea kushoto, nadhani ni lile la usiku nilipojichoma mara ya pili. Taabu yangu ya Juni haikupotea. Ilikuwa palepale, yote, imeandikwa kwa uzi mweupe, kila mtu anaweza kuisoma. Ila ilikuwa imeandikwa kama makosa.

Nikaitia wanga, nikaianika uani. Jua la Septemba huku halina deni na mtu. Ndani ya saa mbili ilikuwa imekauka. Nikaitia kwenye boksi la viatu, nikalikabidhi kwa utingo wa basi, likapitia Makambako, Chalinze na Segera, likafika Pangani siku tatu kabla ya nikahi.

Mjomba alipiga simu usiku huohuo. Akashukuru, akaniombea dua, akamwulizia Zuhura na mama yake, akaniulizia viazi. Kisha akasita.

"Mpwa wangu, hii kofia imeshonwa na watu wawili?"

"Kwa nini, mjomba?"

"Pembeni hapa ni mkono wa baba yangu mwenyewe, Mungu amrehemu. Lakini huku juu..." Nilimsikia anaigeuza. "Huku juu nikisujudu, walio safu ya nyuma watadhani ameshona mlevi."

Ile sentensi ilikuwa bado ninayo. Nilikuwa nimeihifadhi tangu Juni, haikuwa imepungua hata neno. Nikavuta pumzi niitoe, na katika kile kimya nikasikia upande wa pili, nyuma ya mjomba, feni inazunguka, ile ya darini yenye bawa moja lililolegea, tak, tak, tak, na mtu anamwuliza kama aongeze barafu kwenye juisi.

"Ni mimi yote, mjomba," nikamwambia. "Ila juu nilishona usiku."

"Basi usishone usiku," akasema.